Sindano ya Mgongo Niliyokunyima

Kwako mdogo wangu Nafula,

Tangu tukuzike kule Misikhu, sifa ulizopewa zinanichoma. Akina mama wa kanisa walipokezana maikrofoni. "Huyu dada alikuwa jasiri, bana. Hakulia hata kidogo." Nami nimeketi mbele kabisa, naitikia kwa kichwa.

Ujasiri huo nilikufundisha mimi. Unakumbuka tukivuna mahindi Endebess, ukakanyaga mwiba? Niliuchokoa kwa pini nikakuambia ukilia nitakuacha shambani. Uliuma kola ya sweta hadi nikamaliza, nami nikajivuna. Leo najichukia.

Halafu asubuhi ile ya kujifungua kwako hospitalini Bungoma, presha yako iko juu, miguu imefura. Daktari wa ganzi alikueleza polepole kwamba uchungu unazidi kuipandisha presha, kwamba sindano ya mgongo ingekutuliza, na kama ingebidi upasuliwe haraka, ganzi ingekuwa tayari. Ulichukua kalamu utie sahihi. Ukanitazama kwanza.

"Mimi nimezaa wanne pale Kitale bila hiyo kitu," nikasema. "Si uvumilie tu? Ama unataka waseme ulizalishwa kama umelala?"

Ukairudisha kalamu.

Hayo watu wanayajua, kwa sababu niliyasimulia mwenyewe kwa majivuno, hata matangani. Wasilolijua ni hili. Saa sita mchana ulinishika gauni. "Dada, nimeshindwa. Waambie nimekubali." Nilitoka. Daktari alikuwa kwenye meza ya wauguzi, anakunywa chai. Nilimpita, nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu, nikarudi nikakuambia ameenda. Ukasema, "Sawa, dada." Uliniamini hivyo tu. Kabla ya saa nane kifafa cha mimba kilikuwa kimekushika; mtoto wakamtoa akiwa hai, lakini wewe hukuamka tena.

Sijui kama sindano ingekuokoa. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Ninachojua ni kwamba uliomba msaada, msaada ulikuwa hatua chache kutoka kitandani, na mimi nikauficha ili nisiaibike mbele ya wanawake wanaosifu maumivu ya wengine.

Mtoto yuko kwangu, mzima, ana paji lako la uso. Mumeo huja kumwona kila Jumapili, na kila mara hunishukuru kwa kukaa nawe hadi mwisho. Shukrani hizo zinaninukia vibaya, na bado huwa nazipokea kwa mikono miwili.

Leo ni Jumapili. Nitamsomea mumeo barua hii kabla hajambeba mtoto, kisha aisome yeyote anayetaka.

Lala salama, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, niliyekuambia daktari ameenda.