Dawa ya Kupe Kijitoni

Jumamosi jioni, Mabira

Nimemwambia. Sikujua kama mdomo wangu ungefunguka mbele ya baba mkwe, lakini nimemwambia.

Asubuhi nilimkuta kijitoni akiwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, juu kidogo ya pale tunapochota maji ya kunywa. Povu jeupe lilikuwa linateremka, na vyura wamekufa kwenye majani. Wiki nzima binti yangu anatapika. Mtoto wa jirani bado amelazwa zahanati.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba. Naomba ng'ombe wasiogeshwe hapa. Maji haya tunayanywa."

"Nilikuwa naogesha hapa kabla hujaolewa."

"Najua, baba. Lakini mjukuu wako anaumwa."

Akauliza, "Na maji ya kuchanganyia dawa, nani atanipandishia hadi zizini?"

"Mimi."

Akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Mume wangu anasema nimemwaibisha baba yake. Huenda kweli. Naogopa kesho kanisani hatanisemesha, na watu wataona.

Hata hivyo mchana nimepandisha maji kilimani, dumu baada ya dumu, mpaka pipa la zizini kwake likajaa. Bega linaniuma hata kuandika ni shida. Jioni alikuja akalichungulia pipa. Kisha akalitua bomba lake la kunyunyizia dawa kutoka mgongoni, akalitundika palepale kwenye nguzo ya zizi.

Wenye ng'ombe wengine wanaoogesha hapo wako ng'ambo ya kijito. Jumatatu nitaanza nao.