Ukuta Aliokuwa Akiutazama Baba Zena

Nachingwea,
Baada ya msimu wa korosho

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kusini nikiwa nimeketi uani, jua bado halijawa kali. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Kondoa? Na Baba, kile kifua kimetulia? Uwele mmevuna, au ndege wamewatangulia tena? Mimi mzima. Zena mzima, ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka ovyo ili watu waone pengo. Na Baba Zena ni mzima. Neno hilo nimeliandika polepole, Mama, nawe lisome polepole.

Barua yako ilinifikia. Uliniambia nirudi nyumbani na mtoto, kwamba chumba cha nyuma umekwisha kukifagia na kukikandika. Nilikaa nayo muda mrefu bila kujibu, mpaka naamini ulisema moyoni kwamba mwanao amekuwa na kiburi. Haikuwa kiburi. Sikuwa na la kusema. Leo ninalo, na ni refu, kwa hiyo mwombe dada Halima akusomee wakati hana chungu jikoni.

Unajua jinsi Baba Zena alivyoumia. Alikuwa juu ya lori la korosho, wakiteremka vilima vya upande wa Chinongwe, shehena ikahama, akaanguka chini na magunia yakamfuata. Paja likavunjika. Hayo nilikwandikia. Ambayo sikukwandikia ni hali yake baada ya kutoka hospitali. Mfupa uliunga vizuri, daktari mwenyewe alimwambia, "Sasa kazi imebaki kwako. Shika magongo, tembea kidogo kidogo." Tulirudi nyumbani, akalala kitandani, akageukia ukutani, na akabaki hivyo. Magongo yakasimama pembeni kama fimbo za mgeni aliyesahau.

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Nikimpa chakula alikula matonge machache, akarudisha sahani. Zena akimwita alimshika kichwa tu. Mtu aliyekuwa akisikika akicheka na mafundi wenzake mpaka barabarani, alikuwa akikaa kutwa bila neno. Mimi nilikuwa nikienda kubangua korosho kwa watu, na mafuta ya maganda yale, Mama, yanaunguza. Vidole vyangu viliambuka ngozi kama vya mtu aliyeshika kaa la moto. Nikirudi nilimkuta pale pale nilipomwacha.

Kisha akaja shemeji Rashidi, kaka yake mkubwa, anayelima mikorosho kule Nkowe, upande wa Ruangwa. Alikuja kwa baiskeli na kapu la mihogo. Alimtazama mdogo wake, akatoka nje akakaa kizingitini nami, akasema kwa sauti ya upole, "Shemeji, umehangaika vya kutosha. Nikimaliza kuuza korosho nitakuja kumchukua. Nawe urudi kwenu ukapumzike. Mtoto atakaa na bibi yake Nkowe."

Angekuwa amesema kwa ukali ningemjibu. Lakini mtu akikuvunjia nyumba kwa huruma, unamjibu nini? Nilijua Baba Zena anasikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Nikasubiri aseme japo kidogo. Hakusema.

Shemeji alipoondoka niliingia ndani. Nikamwuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaona sawa?"

Akainua kidole akanionyesha ukuta. Kiambaza chetu kilikuwa kimebanduka, na ufa mkubwa umekatiza toka juu mpaka chini, ukipinda hivi na hivi. Akasema, "Ule ufa ni barabara ya Chinongwe. Pale unapopinda ndipo nilipoanguka. Naanguka kila siku."

Mimi nilidhani amelala tu. Kumbe mwenzangu alikuwa barabarani siku zote hizo.

Siku iliyofuata sikwenda kubangua korosho. Nilikwenda kwa jirani yetu, Bibi Somoe, mama wa Kimwera ambaye nyumba yake ndiyo nyumba inayong'aa kuliko zote mtaani kwetu, na haina hata kopo moja la rangi ya dukani. Kwetu tungekandika kwa samadi, lakini huku ng'ombe ni wachache. Nikamwambia nataka kuupamba ukuta wangu. Akaniangalia. "Mgonjwa ndani, nawe unataka mapambo?"

"Mgonjwa ndiye anayeutazama, Bibi."

Akachukua jembe. Tukateremka bondeni tukachimba udongo mweupe. Mwekundu tuliuchukua kwenye kichuguu. Mweusi akaniambia nisage mkaa. Na siri yake, nakupa nawe umpe dada Halima: usikoroge kwa maji matupu. Pika uji mwepesi wa muhogo, uache upoe, ndio ukorogee udongo. Ukikauka hauchafui nguo hata mtu akiegemea.

Kwanza niliuziba ule ufa. Niliusindilia udongo na majani makavu mpaka ukashiba, nikaulainisha kwa kiganja, nikaupaka mweupe ukuta mzima. Baba Zena alikuwa akitazama kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Ulipokauka nikachukua gunzi la muhindi, nikalichovya kwenye udongo mwekundu, nikalibingirisha ukutani. Jaribu, Mama. Linaacha vidoa vidoa kama shanga zilizotungwa. Nikapiga safu ya kwanza, nikapiga ya pili.

Nyuma yangu nikasikia, "Ya pili imepinda."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha. Nikasema, "Imepinda wapi?"

"Kulia imeshuka. Huoni?"

"Sioni. Mimi si fundi."

Kitanda kikalia. "Nipe uzi. Funga kokoto mwishoni uache uning'inie, hiyo ndiyo timazi, itakupa wima. Uzi mwingine uuvute hivi, ncha moja nitashika mimi."

Basi nikampa ncha. Akakaa kitako, mtu ambaye nilikuwa nikimwinua kwa mabega, akakaa mwenyewe kushika uzi. Tulipamba ule ukuta siku kadhaa, mimi na gunzi langu, yeye na uzi wake, akinikosoa kila safu. Sijawahi kufurahi kukosolewa namna ile. Zena naye akachovya viganja vyake kwenye udongo mweusi akavipiga chini karibu na kitanda, mahali baba yake anaweza kuvigusa.

Ukuta ulipokwisha niliogopa atarudi kulala. Nikaokota makopo ya maziwa ya unga kwa Bibi Somoe, nikayaweka karibu naye nikisema nataka ya kupandia maua lakini sijui kuyatoboa, msumari unayabonyeza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Jaza mchanga mbichi, ushindilie. Kopo likishiba halibonyei. Leta sanduku langu."

Sanduku la vifaa vyake, Mama, lilikuwa uvunguni tangu ajali, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Nililivuta nikampa. Alifungua, akagusa nyundo, akagusa bisibisi, kisha akachukua msumari. Jioni ile alitoboa makopo matatu. Moja halikuwa la maua. Alilitoboa nyota na miezi pande zote, akatumbukiza kibatari ndani, na ule mwanga ukamwagika ukutani vipande vipande juu ya shanga zangu za gunzi. Zena akakimbia kuita watoto wenzake. Chumba kikajaa watoto, nao wakimwuliza, "Baba Zena, na mimi utanitengenezea?" Akawaambia leteni makopo.

Wakaleta. Nyumba ikawa na kelele ya nyundo, na watu waliokuwa wakipita dirishani kwa kunyata wakaanza kusimama kusalimia. Lakini bado alikuwa kitandani. Mchana anagonga, akichoka analala. Korosho zilikuwa zinaelekea kwisha, na shemeji Rashidi ni mtu wa ahadi.

Nikaenda gereji alikokuwa akitengeneza malori kabla ya ajali, nikaomba tairi bovu la lori na mpira wa ndani uliochanika. Vijana wakanibingirishia mpaka uani. Nikamwambia, "Baba Zena, nimeona mahali tairi limekatwa likawa kama ua kubwa, unapanda maua ndani. Utanikatia?"

Macho yakamng'aa. "Lilete ndani."

"Halipiti mlangoni."

Mungu anisamehe, Mama. Lilikuwa linapita vizuri kabisa. Mlango ule unapitisha gunia na mbebaji wake.

Nikaenda zangu jikoni, nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Siku nzima hakusema, na mimi sikusema. Asubuhi ya pili nilikuwa nikifagia uwanja, nikasikia magongo yakigonga sakafu. Nikashika ufagio kwa mikono miwili. Alitokeza mlangoni amekonda, jua likampiga usoni akafumba macho, akayumba. Nilitaka kukimbia. Akasema, "Kaa huko huko." Akakaa kizingitini, jasho linamtoka, akapumua. Kisha akafumbua macho, akaliangalia lile tairi, akauangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Halipiti?"

"Lilikuwa halipiti jana," nikasema.

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko kile kinaanzia wapi. Bibi Somoe aliyekuwa anatwanga upande wa pili aliacha mchi hewani.

Tangu siku ile hakulala tena mchana. Tairi alilikata kwa kisu, na ufundi wake ni kulowesha kisu maji kila mara, kinateleza kama kinakata muhogo uliopikwa. Akalipindua ndani nje, tukaomba mabaki ya rangi ya mafuta kwa fundi wa kuandika mabango, likawa jekundu. Nimepanda yale maua madogo yanayofunguka jua likipanda. Mpira wa ndani akaukata kanda ndefu, akazisuka juu ya fremu ya mbao za masanduku, kikatoka kiti kinachobonyea vizuri ukikikalia. Ndicho nilichokikalia nikikuandikia, na baada yake akasuka vingine viwili. Njia ya kuingilia uani tumeipanga chupa, zimezikwa midomo chini, matako juu, za kijani na za kahawia, jua likiziangukia utapenda. Bibi Somoe alinuna. "Chupa za pombe kwenye uwanja wa Mwislamu?"

"Zimelazwa kifudifudi, Bibi," Baba Zena akamjibu. "Hata zikitaka haziwezi kumimina."

Siku ya pili tukamkuta anapanga zake.

Shemeji Rashidi alikuja kama alivyosema. Alikuja na gari la kukodi na jamaa wawili wa kumbeba mgonjwa, na godoro juu. Wakashuka, wakapita kati ya zile chupa wakizitazama, na pale uani wakamkuta mtu ameketi juu ya kiti, tairi katikati ya miguu, anakata. Shemeji alisimama. Baba Zena akaweka kisu chini, akachukua gongo moja, moja tu, Mama, akainuka. Akamfuata kaka yake hatua baada ya hatua mpaka alipokuwa. Akamshika mkono. "Shikamoo, kaka."

Shemeji alimtazama miguuni, akamtazama usoni. Mwisho akasema, "Marahaba. Nilikuja kumchukua mgonjwa."

"Umechelewa," Baba Zena akasema. "Karibu ukae."

Nikawaletea chai. Shemeji aliomba kuingia ndani kuona mahali mdogo wake alipokuwa amelala. Alikaa mle peke yake kwa muda, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Shemeji, nilikukosea. Nilidhani unataka kupumzika." Kisha, kwa sababu wanaume hawapendi kukaa na maneno kama hayo, akageukia kile kiti akakibonyeza kwa mkono na kuuliza kama kinaweza kubeba mtu mnene kama mke wake. Gari lile halikurudi tupu. Lilirudi Nkowe na viti viwili na taa ya kopo juu ya godoro lile lile lililokuja kwa ajili ya mgonjwa. Tangu hapo wamekuja watu kutoka Nkowe, na wiki iliyopita watu wa Nambambo wenye harusi walikuja kuagiza taa za kuning'iniza uani kwao. Lori hataki tena kulisikia. Anasema kazi yake sasa ni hii, na mimi sasa nabangua korosho za kula wenyewe.

Kwa hiyo, Mama, chumba cha nyuma asante sana. Usikiache kitupu, mpe dada Halima na watoto, na umwambie akipambe kwa gunzi. Mimi sirudi kwa namna uliyoniita. Nitakuja kukuamkia, na tutakuja watatu.

Leo asubuhi Baba Zena ametoka kwenda sokoni kutafuta misumari. Amekwenda peke yake, na gongo lake moja. Ni mara ya kwanza. Nilitaka kumtuma Zena amfuate kwa mbali, nikajizuia. Nilitaka kusimama njiani, nikajizuia pia, ndipo nikachukua kalamu.

Nisalimie Baba sana, mwambie mkwewe anamuulizia. Nisalimie shangazi wa Kolo, na mjomba fundi cherehani, na yule bibi mzaa mama ambaye hasikii, mpigie kelele mpaka asikie kwamba niko salama. Dada Halima mwambie asiache kunijibu.

Sasa nasikia gongo lake njiani, na nasikia anabishana na Bibi Somoe juu ya misumari, nani kapunjwa. Acha niende nikamfungulie. La, hapana. Atafungua mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma, Mama Zena