Majina ya Ng'ombe wa Kabula

Kawajense, Mpanda
Mwezi wa kumi na moja

Dada yangu Yustina,

Kamwene, dada. Najua bahasha hii umeigeuza mara mbili kabla ya kuifungua, ukajiuliza kama kweli huu ni mwandiko wangu. Tangu msiba wa Mama nimekuandikia kadi moja tu: "Mimi mzima, poleni." Mimi mzima! Utadhani namjibu karani wa posta. Hujambo lakini? Kifua cha shemeji kimetulia? Na ukungu wa Njombe bado unashuka mpaka mlangoni asubuhi, ng'ombe wa jirani asionekane, isikike kengele yake tu? Barua yako ya msiba ilinifikia kwa treni siku kumi na mbili baada ya kumzika. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufundisha hesabu. Hilo nitalirudia, usinikasirikie kwanza.

Huku hatuna ukungu, tuna moshi. Kabla ya mvua watu wanachoma mapori, jua linatoka jekundu na kuzama jekundu, na kati ya hapo mtu anatembea kama hajaamka vizuri. Miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu hata tone la maji halijadondoka, na upepo ukipita unanukia asali. Mchana nikirudi kwenye chumba changu cha kupanga, kuna siku nasikia kandambili za Mama nyuma yangu, chap, chap. Sigeuki, nisije nikazifukuza.

Sasa nikusimulie. Shule yetu iko nje ya mji, njia ya kwenda Mwamkulu. Mwezi wa tisa wasichana walianza kuanguka. Mmoja wa darasa la saba alicheka, akalia, akaanguka chini ya dawati akitupa miguu. Kabla ya kengele ya mapumziko walikuwa sita. Kesho yake kumi. Nesi wa zahanati akawapima, hakuona ugonjwa. Wazazi wakaleta maombi, wengine wakaleta dawa za kufukiza, na bado walianguka.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema ila ana haraka. Akaniita. "Mwalimu Leonia, wewe si ulikwenda ile semina ya ushauri? Haya, washauri." Semina yenyewe ilikuwa ya siku nne, dada, na nusu yake nilisinzia. Nikapewa stoo ya majembe iwe chumba cha ushauri. Nikafagia, nikaweka viti viwili, nikangoja. Hakuna aliyekuja. Mwanafunzi wa huku akiitwa na mwalimu kwenye chumba anajua jambo moja tu, fimbo.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikachukua boksi la sabuni, nikalivika karatasi nyeupe, nikatoboa tundu juu, nikaliweka mlangoni: "Andika linalokusumbua. Usiandike jina lako." Ijumaa likawa limejaa. Nililibeba hadi ndani nikitabasamu peke yangu kama bibi harusi.

Karatasi ya kwanza: "Kabula." Ya pili: "Kabula wa darasa la sita." Ya tatu: "Ni Kabula, yeye haanguki." Zote hivyo, dada. Zote.

Ningemuuliza mtu yeyote wa huku angeniambia. Vijijini ng'ombe wakiibwa, watu wanaitwa mkutanoni, kila mmoja anapewa karatasi, anamtaja mwizi kwa siri na kuitumbukiza kwenye boksi lenye tundu. Anayetajwa sana anahamishwa, au yanampata makubwa zaidi. Mwaka jana tu wazazi wao walipiga kura za vyama vingi kwenye madarasa haya haya. Watoto walipoliona boksi langu jeupe wakajua la kufanya: mwalimu mgeni anataka atajwe anayewaangusha wenzake. Na asiyeanguka si ndiye anayeangusha?

Kabula ni binti wa Kisukuma, mrefu, mkimya. Kwao walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka miwili iliyopita, na wenyeji bado wanawatazama kwa jicho la pembeni. Wiki hiyo hakuja shule. Wenzake walikuwa wamelihama dawati lake.

Mwalimu mkuu akasema, "Jumatatu soma hilo jina mstarini, mwenyekiti wa kijiji awepo. Tumalize." Nikamwomba anipe hizo siku mbili, naye akakubali kwa kuguna.

Jumamosi nikatembea kwenda kwao. Ule moshi, dada, na yale majani mekundu, na mimi peke yangu njiani! Sijui nilitembea muda gani. Nilikuta vyombo vimefungwa na ng'ombe wamekusanywa, maana habari zilikuwa zimeshanitangulia. Baba yake hakunitazama. Bibi yake ndiye aliyenipa kigoda.

"Mwadila, mayu," akanisalimia. "Nyie mna kalamu, sisi tuna miguu. Kesho tunaondoka, tunapita Litapunga huko, tunaendelea."

"Na shule ya Kabula?"

"Shule imemkataa."

Nikasema, "Haijamkataa. Mimi ndiye niliyekosea." Nikawaeleza habari ya boksi bila kujitetea. Yule bibi akamwita mjukuu wake.

Nikamuuliza Kabula, "Wenzako wakianguka, wewe huogopi?"

"Naogopa, mwalimu. Na mimi huwa inanijia hapa." Akashika koo.

"Sasa mbona huanguki?"

Akamtazama bibi yake. "Bibi alinifundisha wakati wa kuhama, tulipopita porini kwenye simba. Ukiogopa, taja ng'ombe wako kwa majina, polepole, mmoja mmoja. Usimruke hata mmoja. Ukimaliza, woga umepita." Akafumba macho akaanza kuwataja, hata yule kilema, hata ndama aliyezaliwa juzi. Baba yake, aliyekuwa amegeukia zizi, akasikia binti yake amemsahau mmoja, akamtaja yeye mwenyewe. Nikajua hapo kwamba mioyo yao haijaondoka bado.

Jumatatu, mbele ya mwenyekiti na shule nzima, nilisema: "Boksi lile lilikuwa kosa langu. Karatasi zote nimezichoma chini ya sufuria la uji. Hakuna aliyetajwa." Mwalimu mkuu aliuma meno. Nikaendelea kabla hajanikatiza, nikawafundisha alichonifundisha Kabula, ila jina lake sikulisema. Wasio na ng'ombe watataja kuku, wasio na kuku watataja wadogo zao. Wakacheka. Ila siku ile ile msichana mmoja alipoanza kutetemeka, nilimsikia mwenzake akimwambia, "We, taja! Taja mbuzi zenu!" Na akataja. Sikudanganyi, wawili bado wanaanguka mpaka leo. Lakini si kumi.

Baba yake amehama na ng'ombe wengi, akamwacha Kabula na bibi yake mpaka amalize darasa la saba. Juzi mchana akaja kwenye stoo ya majembe, mtu wa kwanza kuja bila kuitwa. Akakaa, akatazama viti, akatazama majembe, akaniuliza, "Mwalimu, na wewe ukiogopa unataja nini?"

Mimi mshauri, Yustina! Nilifungua mdomo niseme neno la semina, likatoka "Mama." Sikuwa nimelitamka tangu barua yako. Nikalia mbele ya mwanafunzi wangu, nikalia kilio cha siku zile kumi na mbili na miezi yote iliyofuata. Mtoto wa watu hakukimbia. Alisema tu, "Endelea, mwalimu. Usimruke hata mmoja."

Basi naendelea hapa, dada, kwako, polepole. Msalimie shemeji na kifua chake. Msalimie mama mdogo, aliyenifungia mkanda wa sanduku siku napanda basi la Mbeya. Msalimie mjomba anayelima viazi na kulalamika. Wasalimie watoto wako wote watatu, na yule wa nne ambaye hukuniandikia ila nimeambiwa. Msalimie jirani wa kengele ya ng'ombe.

Kisha nenda nyuma ya nyumba, kabla ukungu haujaondoka, umsalimie Mama. Mwambie mwanao wa Mpanda amechelewa kuja msibani, lakini amefika.

Mimi mdogo wako, ambaye si mzima sana, ila anapona,
Leonia