Kiti cha Ndugu

6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama nyuzi zilizomwagika sakafuni. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikikanyaga cherehani. Usijali, nashona hivyohivyo.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni tangu Jumamosi. Nimekuja huko gerezani na sabuni yako na soksi, nimekaa foleni tangu asubuhi. Wewe kila ukifungua mdomo ni "mshauri anasema". Mshauri anasema ulale mapema. Mshauri anasema usilaumu watu. Kisha huyo mshauri wenu wa gereza akapita mlangoni, akasema neno, ukacheka. Kicheko kile, mwanangu, sikuwa nimekisikia tangu kabla ya kesi. Nilirudi nyumbani nimevimba kama chura.

Huyo mwanamke unamweleza nini usichoweza kunieleza mimi? Yeye analipwa kukusikiliza. Mimi nimekusikiliza bure tangu huna meno.

Chumba chako nimekipaka rangi, nimekushonea na pazia. Watu wakiniuliza nawaambia vilevile, mwanangu alisingiziwa. Yule binti nilimfundisha kushona, nikamlaza nyumbani kwangu, nikamlisha, naye shukrani yake ikawa kwenda mahakamani. Mahakama ilimwamini yeye. Mimi nakuamini wewe.

Mama yako, asiyelipwa.

20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa. Sabuni nimegawana na Redio, yule mzee wa kitanda cha jirani asiyenyamaza. Naomba ulipumzishe hilo goti.

Kicheko kile, mshauri alikuwa anamtania Redio. Lakini umeuliza, acha nikujibu. Ninamweleza nilichofanya. Wewe nilijaribu kukueleza. Mara ya kwanza ukaniuliza kama tunapata maji ya moto. Mara ya pili ukasimama ukasema goti linauma.

Sikusingiziwa, mama. Nilimbaka. Wewe ulikuwa msibani, yeye amelala chumba cha kushonea. Alisema hapana, akalia, nami sikuacha. Hakimu hakunionea.

Mwezi wa sita bodi inakaa kuamua kama nimalizie kifungo nje, kwa masharti. Nitakuwa naripoti polisi, jina langu litabaki kwenye kumbukumbu zao, sitamkaribia yule binti, na mafunzo nitaendelea nayo. Nikitaka kurudi nyumbani, anayenipokea lazima ajue nilichofanya na akitamke kwa mdomo wake. Mshauri atakuita.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kikundi chetu cha mafunzo, anachokiongoza mshauri, kinakaa pamoja na ndugu. Kila mmoja ana kiti cha ndugu pembeni yake. Changu huwa wazi. Redio hukiwekea kofia yake, eti kisione aibu.

Nisamehe kwa kukuandikia hivi.

Mwanao.

15 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi niko, nakula lakini sisikii ladha. Barua yako nilisoma nusu nikaikunja, ipo chini ya godoro. Tusiizungumzie.

Huyo mshauri wako ameniita, nami nikaenda. Nilivaa gauni la maua, nikajiandaa kukutana na mwanamke wa kutisha. Kumbe kadogo, na viatu vyake vimelika upande mmoja. Akaniita mama. Nikamwambia, "Mimi ni mama wa mtu mmoja." Akatabasamu, akasema, "Basi karibu kiti, mama wa mtu mmoja."

Akaniuliza kama najua ulichofanya. Nikamjibu ulisingiziwa. Akasema mbona mwenyewe umekiri. Nikamwambia, "Kwako atasema lolote unalotaka kusikia. Anayemjua ni mimi."

"Kweli unamjua kuliko mimi," akasema. "Nifundishe."

Mwanangu, neno hilo lilinilainisha kama siagi juani. Nikamwambia hulali mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia unaogopa paka. Yeye anaandika, mimi nazidi kunoga. Nikamwambia hata lile la bafuni, mwaka ule ulipoanza kazi ya kuchomelea, ulivyotoboa ukuta ukawa unamchungulia mpangaji wetu, yule mwalimu, akioga. Na nilivyoziba tundu kwa saruji kabla hajaamka, alipouliza nikamwambia panya, naye akahama mwezi uleule. Nikamuuliza, "Hilo alikuambia?"

Kalamu ikasimama. "Hapana," akasema. "Hilo hakuniambia."

Nilitoka pale natembea kwa madaha kama bibi harusi. Ajue sasa nani ni nani.

Mama yako, anayekujua.

27 Aprili

Mwanangu,

Unaumwa? Hujajibu. Jumamosi nilikuja, askari akaenda akarudi, akasema hutaki mgeni. Nikamwomba akuulize tena, labda hakukuambia ni mama. Akasema, "Nilimwambia, mama." Sabuni nilimwachia yeye.

Mwanamke yule anakukalia mbele siku zote, na mimi hata kisigino chako sikukiona. Kama nimekosa, niambie nilipokosea. Usiniache nikishona huku nasikiliza mlango.

Mama.

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Sabuni nimeipata. Siumwi. Nilikuwa na hasira, nikamwomba mshauri anizuie nisikuandikie nikiwa nayo. Najua hilo nalo litakuchoma.

Kikundini nilikuwa nimesema usiku ule ulikuwa wa kwanza, na kwamba ilikuwa pombe. Wenzangu walinipa mikono kwa kusema ukweli. Halafu mshauri akaniuliza habari ya bafu. Bodi haitanisikiliza mwezi wa sita, imenisogeza hadi mwakani. Na nikitoka nitapelekwa nyumba ya mpito, ile wanayokaa waliotoka huku chini ya uangalizi. Siji kwako.

Redio aliuliza swali moja tu. "Tundu nani aliliziba?" Nikasema mama. Redio, asiyenyamaza, akanyamaza. Hapo nikajua jambo ni zito.

Asubuhi ile niliiona saruji mbichi, mama. Nilingoja unipige, au unifukuze. Ukaniuliza kama nimekunywa chai. Nikaelewa kwamba nikifanya lolote, wewe utaliziba. Nilichofanya ni changu, mkono ulikuwa wangu, sikurushii wewe. Ila uliona mapema kuliko mtu yeyote.

Kiti bado kiko wazi. Ukija, utatakiwa useme nilichofanya, watu wakisikia. Kama huwezi, usije kabisa, hata na sabuni. Siwezi tena kukaa mbele yako tukizungumzia soksi.

Mwanao.

18 Juni

Mwanangu,

Salamu. Kifua sikuulizi, maana nikianzia huko sitafika.

Jana nilikwenda duka la vifungo. Yule binti alikuwa kaunta, amechagua zipu zake na nyuzi, ameshalipa. Akageuka, akaniona. Hakunitukana. Aliacha kila kitu palepale, akapita stoo ya watu akatokea mlango wa nyuma. Mwenye duka akaniangalia. "Mama, huyu umemfanya nini?"

Nilitaka kusema sijamfanya kitu. Ingekuwa uongo. Mimi ndiye niliyemwita mwongo mbele ya hakimu. Mimi ndiye niliyetupa nguo zake nje, watu wakipita. Na nikuambie jingine, alikuwa anashona kola kunizidi, na wateja walianza kumuulizia yeye. Alipoondoka, kipande cha roho yangu kilifurahi. Sikumfuata. Nilimwomba mwenye duka ampelekee vitu vyake, asinitaje.

Nikarudi nyumbani, nikatoa barua yako chini ya godoro, nikasoma nusu iliyobaki.

Ulimbaka. Haya, nimeandika. Nilisimama mbele ya kioo cha wateja nikajaribu kusema, mara ya kwanza nikaishia kwenye jina lako. Nikarudia. Ulimbaka mwanafunzi wangu, ndani ya nyumba yangu, naye alisema hapana. Na kabla yake ulimchungulia mwalimu, nikaziba mimi.

Pazia nimelishusha. Chumba chako nimehamishia meza ya kukatia vitambaa. Hiyo nyumba ya mpito, nenda. Nitakuja huko pia, kama wanapokea wazee wenye magoti mabovu.

Usidhani wivu umeniisha. Nikifikiria mwanamke yule alivyosikia mambo yako kabla yangu, nakanyaga cherehani hadi uzi unakatika. Lakini yeye alikaa akasikiliza. Mimi nilisimama nikasingizia goti.

Mwambie Redio aondoe kofia yake. Jumamosi ya mwisho nakuja, mikono mitupu. Na huyo mshauri wako akae upande wa pili. Upande wa kiti ni wangu.

Mama yako.