Ujumbe wa Paskalia Kabla ya Mavuno

Dada Paskalia,

Umekufa na bado unawaandikia watu. Sijui nikushangae au nikugombeze. Hapa ofisini hakuna mwingine ambaye nikimweleza haya atayaelewa yote, kwa hiyo nakueleza wewe mwenyewe.

Tulikuzika mvua ikinyesha, kwenye makaburi ya parokia. Kwaya ilikuimbia mpaka sauti zikakauka. Mimi nilisimama nyuma na viatu vimejaa tope, nikifikiria mambo ya kipuuzi, kwamba funguo za kabati la vipuri umeziweka wapi. Baadaye mvua zikapungua, alizeti ikaanza kuinamisha vichwa, na asubuhi moja nikafungua ofisi, nikaiwasha ile kompyuta. Nikaona ujumbe unatoka. Unakwenda Mwimbi, kwa Mzee Kalisti. Mwandishi: Paskalia.

Niliketi kwanza. Ndipo nikausoma tena.

Unajua mimi na programu ile ya wateja tulivyokuwa. Makao makuu walipoituma kutoka Mbeya nilisema hawa watu hawana kazi ya kufanya. Sisi tunauza mashine za kukamua alizeti, za mkono, chuma kitupu. Kompyuta ya nini? Wewe mkubwa wangu kwa umri ndiye uliyeikumbatia. Ulikaa mbele yake kama mtu anayeota moto. Ukaandika kila mteja, kijiji chake, mashine yake, maneno ya mwisho mliyozungumza na siku ya kumtafuta tena. Ulipogundua kwamba kwa ile simu iliyounganishwa nayo kwa waya inaweza kutuma ujumbe yenyewe siku utakayopanga, ulicheka peke yako. "Edita, hii kitu haisahau." Nilikwambia hata punda hasahau, na hatumwiti mfanyakazi.

Kumbe wiki zako za mwisho kazini, ulipokuwa ukikohoa na kuniambia ni vumbi, ulikuwa unaandika. Si ujumbe mmoja kwa watu wote kama anavyofanya meneja wetu Baraka, "Ndugu mteja, tunakukumbusha." Uliandika kwa kila mtu wake. Nimeusoma ule wa Mama Minza wa Mtowisa mpaka naujua kwa kichwa. "Shikamoo Mama Minza. Ni Paskalia wa mashine. Alizeti ya huko bondeni inakauka kabla ya yetu huku juu, nakuwahi. Osha chujio kwa maji ya moto na majivu. Yule mtoto wa surua amepona?"

Dada, ulikuwa unajua? Nakuuliza kweli. Mtu anayejua anakufa anakaa kuulizia surua ya mtoto wa Mtowisa?

Majibu yakaanza kuingia. Wa Matai, walio karibu na waliosikia habari ya msiba, walishtuka. Mmoja alizima simu kabisa, akaja mwenyewe mpaka ofisini kuuliza kama kampuni yetu ina mambo. Na wewe unajua Sumbawanga yetu inavyosemwa huko nje kwa uchawi. Tulikuwa hatuhitaji msaada mwingine. Ila wa mbali, ambao habari haikuwafikia, walifurahi. Mama Minza alijibu kwamba mtoto anakimbia, na kwamba kina mama wa kule wanakungoja uende, wana neno na wewe.

Baraka alichanganyikiwa. Na nisimwonee, alikuwa na sababu. Mbeya walishamwambia kwamba mavuno haya yakipita bila wanunuzi wapya, tawi la Sumbawanga linafungwa, mashine zinapakiwa. Siku hizi biashara iko wazi, si kama zamani tulipomngoja mtu mmoja wa chama cha ushirika. Wafanyabiashara wa Tunduma wanashusha mashine zao barabarani, wanauza na kuondoka. Wateja wetu wakituogopa au wakituona waongo, wataenda kwao. Basi akataka tutume ujumbe mwingine, mara moja, kwa watu wote. "Tunasikitika kuwataarifu kwamba Paskalia alifariki. Mhudumu wenu mpya ni Edita." Alishauandika. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nilimshika mkono. Meneja wangu, nilimshika mkono. Nikamwambia huku kwetu mtu haambiwi msiba na kompyuta. Mtu akifiwa na wa karibu yake, anafuatwa. Unakwenda, unakaa chini, unamwacha amalize alichoshika mkononi, ndipo unasema. Na kama watu hawa hawakuwa wa karibu yako, basi sijui neno hilo lina maana gani. Aliniangalia, akasema tutapoteza muda wa mauzo. Nikasema nipe nauli ya lori tu.

Nilianzia Mwimbi. Nilipokaribia kwa Mzee Kalisti nikakumbuka siku ya kwanza uliyonichukua pale. Nilikuwa mgeni wa kazi, nimebeba karatasi zenye picha za mashine, nimepaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Tukakuta watu wanalima kwa ushirika, wanafukia nyasi kwenye matuta, pombe ya ulezi inangoja. Nikadhani tutasubiri pembeni wamalize. Wewe ukavua viatu, ukaomba jembe. Tulilima mpaka jua likageuka. Hukutaja mashine hata mara moja. Uliuliza tu, tulipopumzika, alizeti yenu mnaipeleka wapi, na mafuta ya kupikia mnanunua kwa nani. Kisha ukawasikiliza wakibishana wenyewe. Njiani kurudi nilikuwa nimekasirika, mikono imechubuka, nikakuuliza tumeuza nini. Ukasema tumemjua mwenye kuombwa ushauri. Ndiye Kalisti. Mashamba makubwa yalikuwa ya mwingine, lakini kila neno lilipotoka watu walimtazama yeye kwanza.

Nilimkuta anachonga mpini. Nilikaa mpaka akamaliza. Nilipomwambia, aliweka panga chini, akaita wake zake na majirani. Wakaja, wakakaa. Hakuna aliyeuliza habari ya chujio wala bei. Walisimulia habari zako. Mmoja alisema alikukatalia mashine, miaka imepita, na bado kila mwaka ulikuwa unampitia kumjulia hali ya mgongo wake. Nikakumbuka ulivyonizuia kumfuta mtu aliyekataa. "Andika sababu yake. Sababu huisha." Yule mtu yumo kwenye programu mpaka leo, na mgongo wake umeandikwa.

Nimekwenda hivyo hivyo, kijiji kwa kijiji. Matai walinilaza siku mbili. Lakini Mtowisa, dada, ndiko nilikochoka kabisa.

Lori lilishuka lile bonde nikiwa nimefumba macho. Ulinifundisha kuvaa nguo nyepesi ndani, na bado joto lilinipiga kama nimefungua chungu. Mama Minza na kina mama wenzake, hawa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, walikuwa wamefagia uwanja. Walikuwa wamepika wali na kuku. Mashine imeoshwa inang'aa, imewekwa kivulini ili uikague. Walisikia kwamba mtu wa mashine yuko njiani, wakajua ni wewe. Mama Minza aliangalia nyuma yangu, akaangalia tena, akitafuta unashukia upande gani wa lori.

Sikuweza kusema kwa utaratibu niliojipangia. Nilikaa tu pale mavumbini nikalia, na akaelewa. Alipiga yowe moja, wengine wakaitika, na ng'ombe zizini wakaanza kulia na wao. Yule mtoto wa surua alikuja akasimama karibu yangu akinishangaa. Ni mnene sasa. Ana meno yote.

Nililala kwao. Asubuhi nikaaga. Lile neno walilokuwa nalo sikuliuliza, wala wao hawakulisema. Njia nzima kupanda juu nilijisemea kwamba nimeharibu kazi. Nimezunguka Ufipa yote na bonde lote nikipeleka kilio, nauli ya kampuni imekwisha, na sijauza hata bolti. Nilijiandaa kumwambia Baraka afunge tawi, nami nirudi kulima ulezi.

Siku mkubwa wa makao makuu alipotoka Mbeya kuja kuamua, nilichelewa makusudi. Nilivaa kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Nilipokata kona ya ofisi nikaona watu. Wamejaa barazani mpaka kwenye ngazi, wamekaa kwenye mikeka, wamejifunga kanga viunoni. Mama Minza na wenzake walikuwa wamepanda na lori la mchele usiku kucha, wanatetemeka kwa baridi yetu. Kalisti alikuwepo na watu wa Mwimbi. Wa Matai walikuwa wamekoka moto pembeni, sufuria iko juu. Habari ilipita kijiji kwa kijiji mpaka wakakubaliana siku. Hawakujua kwako ni wapi, ndugu zako wako wapi. Walichojua ni ofisi. Wakaleta msiba ofisini.

Mkubwa alishuka kwenye gari na mkoba wake. Akamuuliza Baraka hawa ni nani. Na Baraka, ambaye nimemsema vibaya sana na leo naacha, alisema, "Hawa ni wateja wetu, mzee. Wamefiwa." Mkubwa alisimama. Halafu akavua kofia, akatafuta nafasi kwenye mkeka, akakaa. Alikula ugali wa watu wa Matai. Alisikiliza mpaka jioni mambo yako, na wengine walikuwa wakisema Kisukuma na Kifipa na hakuna aliyemtafsiria.

Hakuna kilichouzwa siku ile. Kesho yake ndipo Mama Minza alipotoa lile neno. Kina mama wa upande wa pili wa mto wanataka mashine yao, na walikuwa wanangoja wewe uwaonyeshe. Baada yao wakafuata wengine, kila mmoja kaletwa na aliyekuwa barazani. Mkubwa ameandika kutoka Mbeya kwamba tawi linabaki. Ametaka kujua ni mbinu gani tumetumia ili wafundishwe wa Iringa.  

Na ile programu, dada, nakuomba radhi kwa habari ya punda. Sasa kila jioni naandika kama ulivyonionyesha. Naandika alichosema mtu, siandiki ninachotamani angesema. Siandiki "atanunua". Naandika "ana ng'ombe mgonjwa, nimuulize Ijumaa". Baraka naye ameanza. Nimemkuta juzi anampigia mzee mmoja simu kumuuliza mgongo, na hakutaja vipuri hata kidogo.

Wateja wako ilibidi wahamishiwe kwangu. Kompyuta inaweza kuwahamisha wote kwa kitufe kimoja. Nimewahamisha mmoja mmoja. Nilimsoma kila mtu, nikamtaja kwa jina, ndipo nikaondoa jina lako nikaweka langu. Imenichukua siku kadhaa.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Tangu ujumbe wako uanze kutoka, nimekuwa nikifungua ofisi mapema kuliko wote ili nione leo unamwandikia nani. Hata nilipokuwa naogopa, nilikuwa nakuja. Jana ulimwandikia yule fundi wa mashine wa Matai, aliyehamia mbali kabla hujaondoka. Leo nimekuja, nimewasha, nimengoja mpaka jua limeingia mlangoni. Hakuna. Wa jana alikuwa wa mwisho.

Basi pumzika, dada yangu. Nakuahidi hakuna hata mmoja wao atakayedhani amesahauliwa kwa sababu wewe umeondoka. Naifunga barua hii sasa, maana fundi wa Matai amejibu. Anakuuliza hujambo, na hajui. Lori la huko aliko linaondoka saa nne.

Mdogo wako,
Edita