Nauli ya Mkazi

Isora, El Hierro
3 Aprili 2025

Mdogo wangu mpendwa Eloy,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko Bilbao mvua imepungua? Mgongo wako vipi, na kile kikohozi cha unga wa mikate? Sisi tunamshukuru Mungu, isipokuwa Mama. Macho yake yamekwisha kabisa. Sasa hata dirishani haoni mwanga.

Simu zangu hupokei tangu Baba azikwe, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiacha mapema, utanivumilia mwandiko.

Tarehe tano Julai sanamu ya Bikira inashushwa kutoka mlimani, kama kila baada ya miaka minne. Safari iliyopita lile gonjwa lilituzuia, kwa hiyo ni miaka minane Mama hajakusikia ukipiga filimbi. Juzi nilikuwa namlisha supu, akanishika mkono. "Fidela, mwambie mwanangu aje apige filimbi pale mpakani mwa kijiji chetu, tunapowakabidhi jirani zetu Bikira. Sioni, lakini nitasikia."

Nikamwambia, "Mama, Eloy ana kazi."

"Mkate anauoka mtu yeyote," akasema. Unamjua.

Ana miaka themanini na tisa, Eloy. Kumwambia asubiri minne mingine, mimi siwezi.

Dada yako,
Fidela


Bilbao
29 Aprili 2025

Dada Fidela,

Shikamoo. Mimi nina afya, mgongo ndio huohuo. Mbusu Mama kwenye kipaji cha uso.

Jumapili tatu mfululizo nimekaa mbele ya kompyuta. Ndege za ndani zipo, Dada. Ya kutoka hapa hadi Madrid ni rahisi kuliko jozi ya viatu. Madrid hadi Tenerife, ukinunua mapema na kukubali kusafiri bila begi, inavumilika. Lakini wiki ya Bikira! Wote tuliohama tunataka kurudi siku zilezile. Na kile kindege cha kutoka Tenerife kuja kisiwani kwetu, hata hujamaliza kahawa kimeshatua, kwa mtu asiye mkazi kinadai zaidi ya safari ya London. Ukijumlisha kwenda na kurudi, ni karibu kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Hapa ghorofani kwangu kuna mtu wa kisiwa cha La Palma. Yeye analipa robo tu, kwa sababu jina lake bado limo kwenye daftari la wakazi la halmashauri ya kwao.

Langu pia lilikuwemo. Unajua lilivyotoka. Askari wa halmashauri alipogonga mlango akauliza, "Eloy Quintero anaishi hapa?" ulisema hapana. Miezi saba baadaye Baba akafa. Nauli niliyoikuta siku ile sikuiweza, mkamzika bila mimi.

Basi niandikishe tena. Askari akija, sema ndiyo, naishi hapo. Ukifanya hivyo nitakuja. Usipoweza, mwambie Mama kazi imenibana.

Mdogo wako,
Eloy


Isora
20 Mei 2025

Mdogo wangu Eloy,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mama hajambo, anakula kidogo kidogo. Anauliza mgongo wako na anauliza kama umejibu. Barua yako niliisoma jikoni, nikairudia kanisani. Kwake sikuisoma.

Nilikwenda Valverde, halmashauri. Karani ni Yurena, binti wa Chano jirani yetu. Aliponiona naomba fomu akacheka. "Hata wewe, Fidela? Wiki hii nimeandikisha watu ishirini waliorudi kuishi hapa mpaka sherehe iishe!" Nikacheka naye. Nikaandika jina lako. Nikaandika nyumba yetu. Kufika pale pa kutia saini, mkono ukagoma. Nikaikunja fomu, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani.

Nisamehe. Lakini kuna jambo nililomwambia padri peke yake, na sasa nakwambia wewe. Siku ile ya askari sikusema hapana kwa ajili ya Mungu. Ningeweza kumwambia arudi kesho. Ningeweza kukupigia kwanza. Asubuhi hiyo nilikuwa nimembeba Baba kutoka chooni peke yangu, halafu ikaingia picha yako uko ufukweni na rafiki zako, mnakula. Nilisema kweli, lakini kwa moyo mbaya. Miaka sita watu wananiita mkweli, nami nanyamaza.

Sasa sikiliza, maana sikukaa bure. Chano alibeba mizigo uwanja wa ndege miaka thelathini. Nilimsomea zile njia zako, akapiga goti lake kwa kofi. Anasema unakosea pale wanapokosea watu wetu wote: kwa kuwa kindege chetu kinaruka kutoka uwanja wa Tenerife Kaskazini, unatafuta ndege ya kwenda Kaskazini. Za bei nafuu zinatua uwanja wa pili, wa Kusini. Tafuta ya moja kwa moja kutoka Bilbao hadi Kusini, katikati ya wiki, na mkoba wa mgongoni tu. Ukishuka, kaskazini usiende kabisa. Bandari ya meli yetu iko karibu na hapo. "Mwambie aje na meli kama wanavyokuja mbuzi," anasema. "Mbuzi wote wamefika."

Nakutumia tini kavu. Chini yake kuna filimbi ya Baba, ile yenye ufa, inayotoa mluzi kwenye sauti ya juu. Ni yako hata usipokuja.

Dada yako,
Fidela


Bilbao
16 Juni 2025

Dada Fidela,

Shikamoo. Mimi mzima. Filimbi imefika salama, na tini zimekwisha.

Nimeiona hiyo ndege ya Kusini, ya Jumatano. Zimebaki nafasi mbili, na bosi wangu bado hajasema neno. Usimwahidi Mama lolote.

Ulichoniandikia nimekisoma.

Mdogo wako,
Eloy


Isora
9 Julai 2025

Mdogo wangu mpendwa Eloy,

Salamu nyingi, na afya yako naiombea kila jioni. Mama mzima, tena ananishangaza, anamaliza sahani. Simu yangu inaita kwako mpaka inakatika.

Jumatano na Alhamisi nilishuka bandarini kusubiri meli. Hukuwemo. Ijumaa Mama alikuwa na homa, sikuweza kumwacha.

Jumamosi homa ilimtoka. Tulimbeba na kiti chake mpaka mpakani, mimi na Chano. Vumbi, Eloy, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Wakaja wachezaji wa Bikira na mavazi yao meupe, kofia zenye utepe zimewashuka hadi machoni, ngoma, filimbi. Mama akakaza mgongo. "Huyo ni Eloy."

Nikamwambia, "Mama, wapiga filimbi ni wengi."

"Hiyo ni ya baba yako. Sikia inavyopiga mluzi. Wewe una macho, niambie. Ni yeye au siye?"

Nilitazama. Naapa nilitazama. Niliona kofia na vumbi. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, unasubiri. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni Eloy."

Nikajipenyeza kukutafuta, lakini wa kijiji cha pili walishadaka machela ya Bikira, wanatupigia kelele, "Toeni mabega, zamu yenu imekwisha!" Watu wakanimeza. Kitanda chako nilikitandika. Mpaka leo shuka halijakunjika.

Mama anawaambia wote wanaopita, "Alikuja, akanipigia, akarudi. Ndege za bei rahisi hazimsubiri mtu." Nami nakaa kimya. Nilikwenda kuungama, Padri Amílcar akaniuliza, "Binti, ulidanganya au hukudanganya?" Nikamwambia sijui. Akasema nirudi nikijua.

Kama ulikuja ukaona mlango wetu bado mzito kuuingia, sikulaumu, wala sitakuuliza sababu. Kama hukuja, Mama hatalijua kutoka kwangu. Mimi nataka kujua tu nilisema nini siku ile.

Nijibu upesi, Eloy, hata kwa mstari mmoja.

Dada yako,
Fidela