Farasi Ambao Hukuwagusa

Nyuma ya duka la mshona matandiko ya farasi,
Camp, Pune.
12 Septemba 1998.

Mpendwa mwanangu Sandesh,

Kwanza niambie unakula nini huko Kolkata na kama kifua kimepoa. Mama yako anasema sauti yako kwenye simu ilikuwa imekauka. Sisi tunaendelea. Mvua haijatuacha, goti langu linaniuma kila inapokaribia, na sanamu ya mungu wetu Ganapati tuliisindikiza majini wiki iliyopita bila wewe. Mama yako alipika vitumbua vya nazi unavyovipenda, akaishia kuwagawia majirani.

Habari njema itangulie: leseni yako ya kupanda farasi wa mbio inarudi. Wasimamizi wa mbio walikaa jana, wakasema hawakuona ushahidi kwamba ulimzuia farasi Rajkanya asishinde. Barua yao utaipata. Sasa kaa chini usome yaliyobaki, maana si mambo ya kusema kwenye simu.

Unajua ninavyocheza. Tangu ujana sijawahi kuweka dau kwa tetesi. Alfajiri niko ukingoni mwa uwanja na saa yangu, naandika nani kamkimbiza farasi yupi, kabeba uzito gani, udongo ulikuwaje, kavaa viatu vya chuma au vya alumini. Kwenye banda la chai watu walikuwa wakiningoja. "Mzee Jagdale, daftari linasemaje leo?" Nikinyamaza, walirudisha pesa mfukoni. Sikutajirika, lakini nilikuwa na heshima hiyo, na niliipenda mno.

Ulipokuwa na miaka tisa nilikufundisha kumgusa farasi shingoni, kisha kugusa paji lako la uso, kabla ya kupanda. Nilikwambia ni kumwomba radhi kwa kumkalia mgongoni. Hukuwahi kuacha. Hata siku uliyovunjika kidole ulimgusa kwa mkono wa kushoto.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, ulipanda bila kugusa. Farasi alikuwa na uwezo wa kushinda, akamaliza wa sita. Nikadhani umesahau. Mara ya pili niliandika pembeni mwa ukurasa: hakumgusa. Mara ya tatu nilijua, mwanangu. Ulikuwa ukiwazuia, na ulikuwa ukiwaonea haya.

Sasa aibu yangu. Badala ya kukuita nikuzabe kofi, niliweka dau dhidi yako. Nikashinda. Nikarudia, na ya mwisho ni siku ile ya Rajkanya, jike ambaye uwanja mzima ulimtegemea. Nilikuona unapanda macho chini, moja kwa moja, nikaenda dirisha la dau nikamwekea farasi namba nne. Ndipo wapokeaji wa dau wakalalamika kwa wasimamizi: mbona huyu mzee anamkwepa mtoto wa mdogo wake siku zile tu anazoshindwa? Kwa hiyo usimtafute adui. Balaa nilikuletea mimi.

Wasimamizi waliniita niende na madaftari yangu, ya miaka thelathini na moja. Kwenye ukurasa wa Rajkanya kila hesabu ilisema atashinda, na pembeni lilikuwepo neno lile moja. Wangeniuliza maana yake, na wewe usingepanda farasi tena maisha yako yote. Niliyabeba yote kwa mnunuzi wa karatasi chakavu, akayapima kwa kilo pamoja na magazeti. Muuza karanga wa mtaa wa pili anafungia karanga humo sasa.

Jana nikasimama mbele yao. Mwenyekiti ni yule mwanajeshi mstaafu ambaye zamani alikuwa akinivuta kando kuniuliza maoni yangu.

"Jagdale, wewe unawajua farasi kuliko daktari wao. Rajkanya ulimwachaje?"

"Niliota, bwana. Marehemu mke wangu alinionyesha vidole vinne."

"Vidole vinne?"

"Ndiyo, bwana. Huwa ananionyesha yeye."

"Na saa je? Na hayo madaftari?"

"Mbwembwe tu, bwana. Ili watu waninunulie chai. Nimeshayauza."

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata karani. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Habari ilinitangulia kwenye banda la chai. Behram, mwenye banda, alinipokea kwa sauti: "Mzee, shemeji kaonyesha vidole vingapi leo?" Mwingine akadakia, "Mwacheni jamani, hajalala bado!" Nikacheka nao. Chai nilishindwa kuimaliza. Leo alfajiri niliamka kwa mazoea, nikavaa viatu, nikakaa navyo kitandani mpaka kukapambazuka. Nina uchungu, Sandesh, sitakuficha.

Siulizi nani alikulipa. Najua mtoto yuko njiani na pango la nyumba halingoji. Mama yako hajui lolote, na kwangu hatalisikia.

Nisalimie mkeo Vaishali, mwambie asibebe ndoo za maji. Msalimie sana mjomba wako Tukaram aliyewapangisha chumba. Shangazi yako Kusum anakusalimu na anauliza saizi ya sweta. Mungu wetu Khandoba, ambaye naye ni mpanda farasi, akulinde usianguke.

Nimejiuliza sana kama nikwambie kuhusu huko kugusa. Ukishajua, utaweza kumgusa kila farasi, na hakuna atakayekutambua tena, hata mimi. Lakini nakuomba kitu kimoja tu. Siku utakayoamua kumzuia farasi, usimguse. Tudanganye sisi. Yeye usimdanganye.

Anayekupenda vilevile,
Baba yako mkubwa,
Dattaram Jagdale.